Ziwa Ndilo Mpimaji: Kamera Ndogo Zenye Rekodi Kubwa, na Moja ya Kurudi Nayo Kalundu

Kamera yangu haikuzama. Nikisema imefia ufukweni Kalundu, bandari ya Uvira, kila mtu hudhani imetumbukia ziwani. La hasha. Iliuawa na punje ya mchanga.

Ilikuwa alfajiri, mitumbwi inarudi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akina mama wameshajipanga na mabeseni yao. Nilishuka kutoka mtumbwini, mkono mmoja umeshika ukingo wa ubao, wa pili umeshika kamera. Wimbi dogo likanisukuma, nikapiga goti, kamera ikagusa mchanga kwa nukta moja tu. Nikaifuta kwa ncha ya shati kama nilivyofanya mara mia, nikaiwasha. Lenzi ikatoka nusu, ikakwaruza, ikasimama. Haikurudi ndani wala haikutoka zaidi. Fundi wa simu aliyeifungua baadaye alinionyesha kwa ncha ya bisibisi: punje moja imekaa katikati ya meno ya gia ya plastiki, na meno mawili yamekatika. Kadi ya kumbukumbu ilitoka nzima. Picha za alfajiri ile ninazo mpaka leo, na ndizo zinazonifanya nisikubali kuishia hapo.

Tangu siku ile nimekuwa natafuta ya kuziba pengo, na nimegundua kwamba soko nililolijua limekwisha. Mwaka 2010 viwanda vya Japani, kwa hesabu ya chama chao cha CIPA, vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilikuwa kamera ndogo za mfukoni. Mwaka 2023 kamera ndogo hazikufika milioni 2. Simu imezimeza. Lakini kuna ukoo mmoja wa kamera ndogo ambao simu haijaweza kuumaliza, nao ni wa kamera zilizojengwa kupigwa, kuloweshwa na kuangushwa. Kila moja katika ukoo huo inajitangaza kwa rekodi yake: hii imezama zaidi, ile imeanguka kutoka juu zaidi, nyingine imekanyagwa na uzito mkubwa zaidi.

Rekodi hizo zimewekwa maabara. Mimi nimezichukua moja moja nikazipima hapa, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambako ziwa lenyewe ni la rekodi. Hakuna ziwa la maji baridi refu kuliko hili duniani, karibu kilometa 670 kutoka mdomo wa Mto Ruzizi hadi Mpulungu, Zambia. Kwa kina, mita 1,470, linapitwa na Baikal peke yake, lenye mita 1,642. Anayetaka kujua kama chombo ni imara, mwalimu anaye hapa hapa.

Iliyozama chini kuliko zote

Katika kamera ndogo za mfukoni nilizozilinganisha, zinazoingia majini bila kuvalishwa kasha, taji la kina ni la Panasonic Lumix FT7 ya mwaka 2018: mita 31. Imeizidi kwa mita moja Nikon Coolpix W300 ya mwaka 2017, yenye mita 30. Chini yao ziko Fujifilm XP140 na Canon D30 kwa mita 25, Ricoh WG-6 kwa mita 20, Olympus TG-6 na ndugu yake mdogo TG-7 kwa mita 15, kisha Ricoh WG-80 kwa mita 14.

Mita 31 si mchezo. Kila ukishuka mita 10 majini, uzito wa maji unaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kamera iliyo mita 30 inabanwa mara nne ya inavyobanwa mezani, na kinachozuia maji yasiingie ni mpira mwembamba kama uzi, umelala ndani ya mfereji kwenye mlango wa betri. Uzi mmoja wa nguo, unywele mmoja, punje moja ya mchanga juu ya mpira huo, na rekodi yote imekwisha.

Nani anahitaji kina hicho hapa kwetu? Wapo, na kazi yao naiheshimu. Miamba iliyo chini ya maji kusini mwa mji, ukielekea Makobola na Swima, ni makao ya samaki wa jamii ya sikilidi ambao sehemu kubwa hawapatikani popote pengine duniani. Ziwa hili lina aina zao zaidi ya 200. Mholanzi Ad Konings amewapiga picha chini ya maji kwa miaka mingi, na vitabu vyake vimewaonyesha watu wa mbali rangi ambazo mvuvi wa Uvira huziona zikififia ndani ya ndoo. Mpiga mbizi kama huyo mita 31 zinamfaa. Lakini upande huu wa kaskazini, ukishuka kufikia mita 100 hivi oksijeni inakwisha, na samaki wanakwisha nayo. Kutoka hapo hadi chini kabisa ni giza lisilo na uhai wa kupiga picha. Sisi wengine maji yetu yanatufika magotini, kiunoni, siku mbaya kifuani.

Tena kuna jambo ambalo tangazo huliandika kwa herufi ndogo. Kina hicho ni cha dakika 60, na ni cha kamera mpya. Mpira wa kuziba huzeeka. Olympus na Nikon wenyewe wanashauri ubadilishwe kila mwaka hata kama kamera haijaguswa. Kwa hiyo ukikuta W300 ya mtumba Bujumbura au Bukavu, imeandikwa mita 30, ujue ile namba ni ya siku ilipotoka kiwandani. Mimi ningeihesabu kama kamera ya kuvumilia mvua mpaka itakapobadilishiwa mipira.

Siri ya kuziba vizuri ziwa hili linaijua zamani. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wanaikimbia Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Götzen wasiiache mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine zake grisi nene kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo wazee wetu wote wa ziwani wanalijua. Mashine zile zile ziliamka. Hakuna kamera ndogo yenye rekodi ya kulifikia jambo hilo, lakini kanuni ni ile ile: chuma hakifi kwa maji ikiwa mtu amekifunga kwa uangalifu kabla.

Zilizotangulia

Wakongwe wanastahili kutajwa. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mtumbwi wetu ukipigwa na wimbi kwa sekunde 23, picha hiyo ungeitafuta Gatumba, ng'ambo ya mpaka.

Kamera ya filamu iliyofanya watu waamini kwamba mtu anaweza kuingia majini bila kasha ni Calypso, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyeisanifu ni Mbelgiji, Jean de Wouters, kwa ajili ya kundi la mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau. Nikon waliichukua, na mwaka 1963 wakaitoa kwa jina la Nikonos. Halafu mwaka 2006 Olympus wakatoa mju 720 SW, kamera ndogo ya dijitali iliyounganisha mambo mawili: kuzama mita 3 na kuanguka mita 1.5. Zote tunazozungumzia leo ni wajukuu wa hiyo.

Iliyoanguka kutoka juu zaidi

Hapa bingwa wa orodha yangu ni Nikon W300: mita 2.4. TG-6, TG-7 na WG-6 zinafuata kwa mita 2.1, FT7 kwa mita 2, WG-80 kwa mita 1.6.

Nimesoma jinsi kipimo cha W300 kilivyofanywa, nikatikisa kichwa. Kamera huangushwa juu ya ubao wa plaiwudi wenye unene wa sentimeta 5. Plaiwudi! Ubao huo unabonyea kidogo, unapokea sehemu ya kishindo. Aliyepita njia ya Ngomo, ule mteremko wa mawe kati ya Kamanyola na Bukavu, anajua kwamba huko hakuna plaiwudi. Jiwe lenye ncha linagusa kamera kwenye nukta moja, na nukta hiyo ikiwa kioo cha nyuma, mita 2.4 hazina maana. Ukianguka kutoka kwenye pikipiki inayokwenda, kimo ni mita moja tu, ila mwendo wa pikipiki umejumlishwa humo.

Lakini sipuuzi rekodi hii. Kamera ikining'inia shingoni kwa mtu mzima iko kama mita 1.3 kutoka ardhini. Ikiwa mkononi, chini ya hapo. Kwa hiyo hata WG-80, ya mwisho katika orodha, inavuka mtihani wa kila siku kwa nafasi. Tofauti kati ya bingwa na wa mwisho, kwangu mimi, inazibwa na kamba ya mkononi. Nunua kamba inayoelea, ile yenye sponji ndani, rangi ya machungwa. Kamera ndogo imara zinahimili maji lakini nyingi hazielei. Mbele ya Kalundu sakafu ya ziwa inateremka upesi, na kamera iliyozama mita 40 ni mali ya ziwa.

Iliyobebeshwa mzigo mkubwa zaidi, na nyepesi kuliko zote

Katika orodha yangu, mataji haya mawili yameshikwa na kamera moja, Sony RX0 ya mwaka 2017. Ina gramu 110, uzito wa sabuni ya kuogea iliyotumika siku mbili, na inavumilia mgandamizo wa kilo 200. Nyingi za wenzake zimeishia kilo 100.

Kilo 100 tunazijua sana hapa: ni gunia la muhogo lililojaa sawasawa. Kwenye boti za kwenda mji wa Baraka begi lako linawekwa sakafuni, gunia linawekwa juu ya begi, na mtu anakaa juu ya gunia. Kwa safari hiyo RX0 inashinda peke yake. Ila haina lenzi ya kuvuta, kioo chake cha nyuma ni kidogo kama stempu, na ile ya kwanza haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya nusu mita. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 700. Naipa heshima yake, napita.

Na rekodi ya baridi pia naipita. Karibu zote zinajivunia nyuzi 10 chini ya sifuri. Uvira hatujawahi kuuliza hilo. Joto na ukungu ndivyo vinavyotusumbua: ukitoka Bukavu asubuhi, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,500, ukashuka tambarare ya Ruzizi hadi huku kwetu kwenye mita 770 hivi, lenzi baridi inakutana na hewa nzito ya ziwa na kioo kinageuka maziwa. TG-6 na TG-7 zina kioo cha mbele cha tabaka mbili kwa ajili ya hilo. Lakini dawa iliyo kubwa kuliko kioo ni tabia: mlango wa betri ufungwe mahali pakavu, asubuhi nyumbani, usifunguliwe ufukweni. Hewa yenye unyevu ukiifungia ndani, umeifunga pamoja na ukungu wake.

Rekodi isiyo na taji

Nimefika kwenye lile lililoiua kamera yangu. Vumbi na mchanga havina bingwa, kwa sababu kipimo chake kina kilele: daraja la 6, yaani vumbi haliingii kabisa. W300 imefika, TG-6 imefika, nyingine zimefika, na hakuna tangazo linaloweza kusema “sisi tumezidi”. Ndiyo maana hulioni kwenye herufi kubwa za boksi. Na kwa ufukwe huu, ndilo jambo la kwanza ambalo ningemwambia mwanangu aliangalie.

Zimefikaje? Kamera ya kawaida ya mfukoni ina lenzi inayochomoza: bomba ndani ya bomba, kila moja na mwanya wake, kila mwanya mlango wa mchanga. Kamera hizi zimeondoa bomba. Mwanga unaingia kwenye kioo kidogo cha mbele, unakutana na prizma inayoukunja, kisha unapita kwenye lenzi zilizopangwa ndani ya mwili wa kamera hadi kwenye sensa. Hakuna kinachotoka nje wala kurudi ndani. Punje iliyomaliza kamera yangu ingebaki juu ya kioo, na ningeimwagia maji.

Kuimwagia maji, nasema. Kuipangusa kwa shati ni kosa, na ni kosa nililolifanya miaka mingi. Mchanga juu ya kioo ukisuguliwa kwa kitambaa ni msasa. Chovya kamera kwenye beseni la maji safi, itikise, iache ijikaushe. Na hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa Mombasa na Unguja hawana: ziwa letu ni maji baridi, chumvi haitafuni vyuma.

Kukunja lenzi kuna gharama zake, lazima mtu azijue kabla ya kutoa hela. Sensa inakuwa ndogo, na nguvu ya kuvuta mbali inakuwa ndogo pia: mara 4 kwa TG, mara 5 kwa W300. Kwenye delta ya Ruzizi hilo linaumiza. Huko ndiko alikovuma Gustave, yule mamba aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliyekadiriwa kuzidi mita 6 ingawa hakuna aliyewahi kumpima kwa kamba. Filamu ya mwaka 2004 iliwaonyesha watu walivyojenga mtego wa chuma kumkamata na walivyorudi mikono mitupu. Viboko nao wapo. Kwa kamera ya mara 4, picha nzuri ya mamba inakutaka usimame mahali ambapo hupaswi kusimama. Usiifuate. Na mpakani Kavimvira, na bandarini, na palipo askari, kamera ikae begini hadi upewe ruhusa. Hakuna kipimo cha maabara kinachoilinda kamera iliyochukuliwa na mwenye bunduki.

Inayoona gizani kuliko zote

Kazi ya ziwa hili inafanyika usiku. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa ndagala hupumzika, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukipungua wanatoka. Zamani zilikuwa taa za karabai, siku hizi nyingi ni balbu za LED zenye betri, na ukisimama juu Kalundu unaona mji wa pili umewaka juu ya maji. Chini ya taa hizo ndagala wanapanda, na nyuma yao mikebuka wanaowawinda. Wavu unashushwa, unangojewa, unainuliwa.

Kupiga picha hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote na ndiyo iliyozishinda kamera zangu zote. Flashi huua picha: inawaangaza watu wawili wa mbele, taa zinapotea, ziwa linakuwa ukuta mweusi. Inatakiwa lenzi yenye mdomo mpana. Na hapa, kati ya hizi, pana bingwa asiye na mpinzani. Mdomo wa lenzi ya TG-6 na TG-7 unafika f/2.0. W300 ni f/2.8, kwa hiyo inapata nusu ya mwanga. FT7, bingwa wetu wa kina, ni f/3.3, inapata kama theluthi moja na kidogo. Ricoh WG-80 ni f/3.5. XP140 na D30 ni f/3.9, karibu robo. Hii maana yake ni kwamba pale ambapo TG inahitaji sehemu moja ya thelathini ya sekunde, D30 inahitaji karibu moja ya nane, na kwenye mtumbwi unaoyumba hakuna mkono unaotulia muda huo wote.

Nimeona watu wakichagua kamera kwa kulinganisha mita 31 na mita 15 wakaishia hapo. Mita 16 zile za tofauti sijawahi kuzihitaji hata siku moja. Mwanga maradufu nimeuhitaji kila usiku.

Inayosogea karibu kuliko zote

Ziwa letu lina mkubwa na mdogo. Kuhe ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya sikilidi duniani. Mmoja anaweza kujaza mikono miwili ya mvuvi. Na wako wadogo wa jamii hiyo hiyo, Neolamprologus multifasciatus, wasiozidi sentimeta chache, wanaoishi na kuzalia ndani ya magamba matupu ya konokono. Kuhe unaweza kumpiga picha kwa simu yoyote. Huyu wa pili anahitaji kamera inayokubali kusogelea.

TG inaona vizuri kitu kilicho sentimeta moja mbele ya kioo chake hata lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Hilo ndilo linaloifanya bingwa, maana kamera nyingi zikivuta hupoteza uwezo wa kukaribia. Ricoh WG-80 inaifuata kwa wazo zuri: taa 6 ndogo zimezunguka lenzi, ili kivuli cha kamera yenyewe kisifunike unachokipiga.

Umuhimu wa jambo hili haupo kwenye urembo tu. Kuna samaki anaitwa Perissodus microlepis, anayeishi kwa kuvamia wenzake na kung'oa magamba yao. Mdomo wake umepinda: wengine kulia, wengine kushoto. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alichapisha katika jarida la Science kazi aliyoifanya kaskazini mwa ziwa hili, akaonyesha kwamba wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujifunza kulinda upande wanaovamiwa, na wa kushoto wanapata chakula zaidi, kisha mizani inageuka. Hilo limegunduliwa hapa, kwenye maji ambamo watoto wetu wanaogelea. Uvira ina kituo chake cha utafiti, CRH, kilichoanza enzi za taasisi ya utafiti ya kikoloni, IRSAC, na Wajapani wamefanya kazi nacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanafunzi mwenye kamera inayokaribia sentimeta moja anaweza kusimama mezani kwa muuza samaki na kuona mwenyewe mdomo umepinda upande gani. Sikuwahi kuweza kufanya hivyo kwa kamera yangu iliyokufa.

Na hapo hapo nitaje GPS, iliyomo ndani ya TG-6 na W300. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilishuka kwenye milima ya Mitumba, Mulongwe na mito mingine ikaleta mawe na matope katikati ya mji. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya kaya zikabaki bila nyumba. Baada ya hapo ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likaingia tena kwenye nyumba za ufukweni, hadi kimo ambacho wazee walikilinganisha na cha miaka ya 1960. Picha ya ukuta wenye alama ya maji ni ushahidi. Picha hiyo ikiwa na mahali na tarehe ndani yake, ni ushahidi wenye nguvu zaidi.

Simu je?

Swali hili naulizwa kila siku, na ni swali la haki. Simu nyingi za bei ya juu zinavumilia maji, nyingine hadi mita 6 kwa nusu saa. Zinapiga picha nzuri usiku. Lakini watengenezaji wengi hawakubali kukutengenezea bure simu iliyoingia maji. Tena simu ndiyo hela yako, ndiyo mawasiliano yako na nyumbani, ndiyo taa yako umeme ukikatika. Kuinyoosha juu ya maji saa nane za usiku ili kupata picha ya wavu ni kuhatarisha vyote kwa mpigo. Kamera ikipotea, imepotea kamera.

Uamuzi

Basi nimezirudisha mezani zote. FT7 ni ya mwaka 2018 na haikupata mrithi. W300 haitengenezwi tena, ingawa naipenda pia; kama ningekuwa mpiga mbizi ningeitafuta iliyofungwa boksini na kuibadilishia mipira. Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, Januari 2021 kikawa kampuni ya OM Digital Solutions, na jina la kamera sasa ni OM System, lakini TG inaendelea: TG-7 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 550, TG-6 ya mwaka 2019 ilianzia dola 450. Picha zao zinafanana sana. Kilichonivuta kwenye TG-7 ni tundu la chaja: ni lile lile la USB-C la simu mpya, kwa hiyo waya mmoja unatosha, na paneli ndogo ya sola inayochaji simu inachaji kamera. Betri ni ile ile kwa zote mbili, LI-92B, na ya TG-6 hupimwa picha 340 kwa chaji moja dhidi ya 280 za W300. Mbili mfukoni zinatosha usiku mzima.

Si ya kwanza kwa kina, si ya kwanza kwa kuanguka, na wala si nyepesi kuliko zote. Ni ya kwanza kwa mwanga na kwa ukaribu, na mchanga hauingii. Nimeweka akiba, na ndugu anayesafiri ataniletea.

Ikifika, sitaipeleka ziwani siku hiyo. Nitafungua mlango wa betri ndani ya nyumba, nitapitisha kidole kwenye mpira wa kuziba polepole mzunguko mzima, nitaufunga mpaka kufuli isikike. Nitaiweka kwenye beseni la maji usiku kucha, bila betri wala kadi, pamoja na kipande cha karatasi kavu mle betri inamokaa. Asubuhi karatasi ikitoka kavu, ndipo nitakapotazama mwezi. Ukishapungua, mitumbwi itatoka saa kumi na mbili jioni, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye ubao wa nyuma, kamba ya rangi ya machungwa imefungwa kifundoni.